MOYO NA MISHIPA YA FAHAMU YA MUTOTO WA SS

Mama, ukiwa na mutoto wa SS, umekwisha kuzoea kuona macho ya manjano, damu kupunguka na maumivu ya mifupa. Lakini kuna ishara mbili ambazo wamama wengi hawaziangalii: moyo usiopiga vizuri, na mukono unaokosa nguvu. Leo tujifunze hizo.

1. Ugonjwa huu unatoka wapi?

Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini. Za mutoto wa SS zinajikunja sawa mundu, zinakuwa ngumu, zinakufa mbio na kuziba njia ya damu. Si uchawi wala laana. Mutoto alipokea S moja kwa baba na S moja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta SS. Kule Kinshasa walipima watoto wachanga 31.204, na matokeo yakatangazwa mwaka 2009: karibu 17 katika 100 walikuwa AS, na zaidi ya 1 katika 100 walikuwa SS. Basi, mama, hauko peke yako.

2. Moyo

Damu ikiwa kidogo, moyo unapiga zaidi ili mwili wote upate. Ni sawa mutu anayejaza pipa kwa kikombe: anakwenda na kurudi bila kupumzika. Miaka ikipita, moyo unapanuka, unachoka, na mapigo yanaweza kuharibika. Tena, damu ya kuongezwa mara nyingi inaacha chuma mwilini, na chuma ikizidi inaumiza moyo. Kwa hiyo usimpe vidonge vya chuma bila muganga kusema. Na kinini, ikizidi kipimo, inavuruga mapigo. Usiinunue ovyo sokoni.

Fanya hivi: siku mutoto hana ugonjwa na ametulia, weka vidole viwili pa mukono wake, chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo dakika moja nzima, uandike ku karti ya kliniki. Siku moyo unakimbia kupita hesabu ile naye amekaa tu, ao unaruka-ruka, mpeleke kwa muganga. Akizimia ao akishindwa kupumua, usingoje hata kidogo.

3. Mishipa ya fahamu

Mishipa ya damu inapeleka damu. Mishipa ya fahamu inapeleka habari kati ya ubongo na mwili. Njo hii inaamuru moyo upige mbio ao polepole, na njia za damu zifunge ao zifunguke. Kwa mutoto wa SS, baridi, maumivu na woga vinafunga njia hizo kupita kwa wengine. Basi mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Lubumbashi ikikamata usiku, mvalishe triko, umuoshe na maji ya moto kidogo, wala usimtishe.

Njia ya damu ikizibika katika ubongo, mutoto anaweza kupooza, hata akiwa na miaka 3 tu. Ishara ni hizi:
– mudomo umepinda;
– kikombe kinamuanguka mukononi, ao anavuta muguu mumoja;
– maneno hayatoki vizuri;
– kichwa kinauma sana kwa ghafula, ao degedege.

Wengine watasema, "Wamemuloga." Mama, usipoteze siku kwa kutafuta mulozi! Kimbia hospitali saa ile ile. Hata ishara ikipita yenyewe, nenda tu, sababu inaweza kurudi na nguvu zaidi. Ukifika mulangoni sema: "Mutoto wangu ni SS." Akisema kidevu kimekufa ganzi, umwambie muganga vilevile.

4. Kila siku

Anywe maji mengi, alale ndani ya musikitera, ale bukari na lengalenga na maharagi. Homa ikipanda, mpeleke siku ile ile. Uliza muganga juu ya dawa hidroksiyurea: watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale waliitumia, na ikajulikana kwamba maumivu yalipunguka zaidi ya nusu, na vifo pia vilipunguka.

Maswali

1. Moyo wa mutoto wako unapiga mara ngapi akitulia?
2. Kikombe kikimuanguka mukononi, utafanya nini kwanza?
3. Nani nyumbani, ukikosekana, anajua ishara hizi? Umfundishe leo.