Shule na Cukuru: Nasaba ya Neno Moja Lililofika Mlima Kenya kwa Njia Mbili

Mwanafunzi wa Meru au Embu akitamka cukuru katikati ya sentensi ya Kiswahili husahihishwa papo hapo: sema shule. Kosa lenyewe huhesabiwa kuwa athari ya lugha ya kwanza, kana kwamba neno la kienyeji limevamia nafasi ya neno la Kiswahili asilia. Makala haya yanashikilia kwamba maneno hayo mawili ni ndugu wa damu, na yote ni wageni.

Babu yao ni neno la Kigiriki skholē, ambalo hapo awali halikuhusu darasa hata kidogo. Lilimaanisha wasaa, yaani nafasi ya mtu asiyebanwa na kazi. Kwa kuwa wenye wasaa waliutumia kwa mijadala, maana ilihamia kwenye mijadala yenyewe, kisha mahali ilipofanyiwa. Warumi walilichukua wakasema schola. Kutoka hapo likaenea: Kiitaliano scuola, Kihispania escuela, Kifaransa école, Kijerumani Schule, Kiingereza school, Kirusi shkola, Kihangari iskola. (School ya Kiingereza inayotaja kundi la samaki ni neno jingine kabisa, lenye asili ya Kiholanzi.)

Kihispania na Kihangari vilitanguliza irabu ili kuepuka kuanza neno kwa konsonanti mbili. Kimeru na Kiembu vilikabili mwiba uleule kwa namna yake: irabu u ilipachikwa katikati ya konsonanti hizo, nyingine ikaongezwa mwishoni, na l ikageuka r. Ndipo school ikawa cukuru. Huo si uharibifu. Ni kanuni ya fonolojia.

Shule nalo lilitoka Tanganyika, ambako Wajerumani walianzisha shule za serikali kuanzia Tanga katika miaka ya 1890. Ushahidi uko kwa majirani waliotawaliwa na Wajerumani haohao: Kinyarwanda husema ishuri, Kirundi ishure. Zanzibar, chini ya Waingereza, ilipata skuli. Jambo la kustaajabisha ni kwamba usanifishaji, uliosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, ulijengwa juu ya Kiunguja, ilhali katika neno hili bara ndiyo iliyoshinda. Wala Kiswahili hakikuwa na pengo tupu, kwani chuo kilikuwapo, kikitaja kitabu na mahali pa kusomea Kurani. Yaelekea neno geni lilifaa kwa sababu lilitenga elimu ya serikali na ile ya dini. Chuo kimepanda cheo baadaye, hata tunasema chuo kikuu.

Kwa hiyo mwalimu anayefuta cukuru na kuandika shule anabadilisha Kiingereza kilichotoholewa kwa Kijerumani kilichotoholewa. Usanifu unamruhusu, historia haimruhusu kudharau.

Huko mlimani cukuru lililetwa na misheni: Waanglikana Kigari mwaka 1910, Wamethodisti Kaaga mwaka 1912, Waskoti Chogoria mwaka 1922. Wamisionari wa Consolata walikuja na scuola yao, lakini lugha ya utawala ndiyo iliyotawala. Waliojiunga waliitwa athomi, wasomaji, na kusoma kukawa sawa na kubatizwa. Mwaka 1929, misheni zilipodai waumini wakane tohara ya wanawake, wengi walijitoa, na baadaye shule huru zikaanzishwa. Nyingi zilifungwa na serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1952. Waliozijenga walikataa masharti ya misheni, lakini hawakuona haja ya kutafuta jina jingine.

Hapo ndipo penye swali zito zaidi kwa mwanaisimu. Waganda walijenga essomero kutokana na kitenzi soma, na Kiswahili cha Kongo huita shule masomo. Wameru nao wana kitenzi thoma, wakaunda kithomo, lakini hilo limebaki kutaja elimu yenyewe; jengo ni cukuru. Katika Kimeru, basi, mtu aweza kupitia cukuru miaka minane na bado ikaulizwa kama ana kithomo.