AMANA YA MLEZI: KUAMINIWA NA KIJANA BILA YA KUVUKA MPAKA



Somo letu la leo lamhusu mtu ambaye si baba wala si mama wa kijana, lakini neno lake pengine hufuatwa kuliko la baba na mama. Ni ustadhi wa chuoni, au mwalimu wa skuli, au mkubwa wa timu ya mpira, au jirani mwenye elimu ambaye vijana humwendea kwa shida zao. Huyu twamwita mlezi. Yatupasa tujue kijana humwamini mlezi kwa njia gani, na mlezi aliyeaminiwa ana mipaka gani.

Mfano wetu tutautoa mji wa Isiolo. Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza: Isiolo ni bara, nasi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani Isiolo ni mlango wa nchi ya kaskazini, na Uislamu umekita humo tangu zamani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wasomali waliokuwa askari wa Waingereza walikaa hapo na jamaa zao. Na humo leo wamo Waborana, Wasakuye, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Misikiti imejaa, na chuo, au duksi kama wanavyoita watu wa huko, hakikosi watoto.

Lakini nchi ile imepata misukosuko. Baina ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Mfugaji akifilisika, mara nyingi humpeleka mwanawe mjini akae kwa jamaa au karibu na chuo. Basi kijana huwa mbali na babake, mfukoni hana kitu, na moyoni ana maswali mengi. Kijana wa namna hii humtafuta mtu wa kumsikiliza, na amsikilizaye ndiye amwongozaye.

Hapo ndipo penye hatari. Tarehe 15 Januari 2019 hoteli ya DusitD2 mjini Nairobi ilishambuliwa, na watu 21 wakauawa. Mmoja katika washambuliaji alikuwa kijana aliyekulia Isiolo. Na miji yetu ya pwani nayo imepoteza vijana kwa njia hiyo hiyo. Wanaovuta vijana hawaanzi kwa bunduki. Huanza kwa upole, kwa kusikiliza, kwa zawadi ndogo na kwa maneno ya dini. Vivyo hivyo hufanya mtu mwovu mwenye kumtamani mtoto: humzoea kwanza, kisha humdhuru.

Basi kuaminiwa ni kama ufunguo. Mwenye nyumba huutumia, na mwizi akiupata huutumia vile vile. Tutawapambanua kwa mipaka, si kwa ulaini wa maneno.

KUAMINIWA HUPATIKANAJE

Amesimulia Abu Umama (R.A.) kwamba kijana mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamtaka ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume hakumfukuza, bali alimwita karibu, akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mamake, kwa bintiye, kwa dadake na kwa shangazi na khalati zake. Kijana akajibu kila mara kwamba hapendi. Kisha Mtume akaweka mkono wake juu yake, akamwombea dua, na kijana akaondoka hana tena haja ya jambo lile.

Tuzingatie, ndugu zangu. Kijana akuulizaye jambo baya bado yu mikononi mwako. Wa kuhofiwa ni yule aliyekwisha kunyamaza. Ukimfokea leo kwa swali lake, kesho atalipeleka kwa mtu mwingine, nawe hutamjua mtu huyo ni nani.

Na kuna kisa cha Zaid bin Arqam (R.A.), aliyekuwa angali kijana. Alimsikia Abdullahi bin Ubayy akisema maneno ya unafiki, akamwambia ami yake, na habari ikamfikia Mtume. Mkubwa yule akaapa kwamba hakusema, na watu wakamsadiki mkubwa wakamwacha mdogo, hata Zaid akashikwa na huzuni kubwa. Kisha ikateremka Sura ya Al-Munafiqun kumsadikisha kijana. Basi kijana akileta habari ya mtu mwenye cheo, tusiitupe kwa kuwa msemaji ni mdogo na msemwa ni mkubwa. Tuisikilize, kisha tuichunguze.

MIPAKA YENYEWE

Kwanza, uwazi. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu, na mkewe Bibi Safiyya (R.A.) akamzuru usiku. Alipokuwa akimsindikiza, Maansari wawili wakapita wakaharakisha mwendo. Mtume akawaambia wasiharakishe, mwanamke huyu ni Safiyya. Alichelea shetani asije akatia kitu nyoyoni mwao. Ikiwa mbora wa viumbe alijieleza kwa watu, ni ustadhi gani wa leo atakayesema kwamba kuulizwa ni kuvunjiwa heshima? Basi mlezi na afundishe barazani au msikitini, mlango uwe wazi, wala asijifungie faraghani na mtoto, wa kiume wala wa kike. Na siku hizi simu nayo ni chumba: mazungumzo ya usiku ya siri baina ya mtu mzima na mtoto ni faragha vile vile.

Pili, idhini. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba hata watoto wa nyumbani wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya isha. Ikiwa mtoto amefunzwa kuwa mtu mzima ana sitara yake, naye mtoto ana sitara yake na mwili wake. Na asichukuliwe safari wala kulazwa kwa mtu ila kwa ruhusa ya wazee wake. Wazee wakiwa malishoni Merti au Garba Tula, basi jamaa anayekaa naye mjini na aulizwe.

Tatu, siri. Anas bin Malik (R.A.) alipokuwa kijana alitumwa na Mtume, na mamake alipomuuliza ni haja gani, akajibu kuwa ni siri. Mamake akamwusia asimwambie mtu. Basi kutunza siri ni katika uaminifu. Lakini siri ya kuangamia haitunzwi. Mlezi na amwambie kijana tangu siku ya kwanza: “Mwanangu, nitakusitiri, ila nikijua kuwa roho yako au ya mwenzio i hatarini, au kuna anayekudhuru, sitanyamaza, nitakwambia kwanza, kisha tutakwenda pamoja kwa wenye uwezo wa kukusaidia.” Akilijua sharti hili mapema, hatajiona amesalitiwa.

Nne, fimbo. Anas alimtumikia Mtume miaka 10 wala hakuambiwa hata “ah”. Fimbo huzaa hofu, na mwenye hofu hasemi. Tena nchini Kenya adhabu ya viboko iliondolewa skuli mwaka 2001, na Katiba ya 2010 yamkinga kila mtu na mateso na adhabu ya kudhalilisha.

Tano, zawadi. Umpacho kijana, nyumbani kwao na wajue. Zawadi inayofichwa huwa deni, na mwenye deni hawezi kukataa.

ALAMA NA WAJIBU

Alama iliyo kubwa kuliko zote ni hii: mlezi mwema humrudisha kijana kwa wazee wake, na mwovu humtenga nao. Akisikika mtu akimwambia kijana kwamba babake ni jahili, kwamba mashekhe wote wa mji wamepotea, na kwamba maneno yao yasitoke nje, basi jihadharini naye, hata awe na kilemba kikubwa.

Wako watakaosema kwamba kufichua ni kumfedhehi Mwislamu, na Uislamu umeamrisha sitara. Twajibu: sitara ni kwa dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake. Kumdhuru mtoto wa mtu ni dhuluma, na kuficha dhuluma ni kumsaidia dhalimu apate mtoto wa pili. Nchini Kenya nambari 116 hupigwa bure kwa ajili ya mtoto aliye hatarini, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawalinda watoto wetu. Kuitumia si kuiacha dini.

Nanyi wazazi, kijana akisema kweli akapigwa, hatasema tena.

MASWALI YA DARASA

1. Katika chuo cha mtaa wako, mzazi aweza kuingia na kuketi wakati wowote?
2. Mwanao akipata shida leo, atamwendea nani, na mtu huyo wamjua?
3. Ni siri gani mlezi aweza kuitunza, na ni ipi hawezi?

Mwenyezi Mungu atulindie vijana wetu na atujaalie tuwe wachunga wema wa tuliopewa kuwachunga. Amin.