AJALI HAINA KINGA, FIDIA INA NJIA

Mwaka huu sikuja na shairi wala vitendawili. Nimeleta somo nililolipata katika wadi ya hospitali nikiwa darasa la saba.

Shangazi yangu na jirani yetu mmoja, fundi wa viatu, walipanda matatu moja kwenda Nakuru. Gari liliacha barabara kwenye mteremko likapinduka. Shangazi alivunjika mguu. Jirani alipondwa mkono wa kulia.

Siku ya nne wanaume wawili walifika wadini wakasema wametumwa na mwenye gari. Walileta matunda, shilingi 20,000 kwa kila mmoja, na karatasi zilizopigwa taipu kwa Kiingereza. Wakamwambia jirani, "Mzee, weka sahihi hapa tu tukusaidie. Mambo ya korti utangoja mpaka lini?" Jirani alikuwa na watoto na kodi ya nyumba. Alishika kalamu kwa mkono wa kushoto akatia sahihi. Shangazi naye akasema, "Mimi siweki sahihi kwa kitu sijasomewa." Basi wakaondoka na karatasi yake, na pesa pia.

Jioni nilipofika, jirani aliniita, "Kijana, hebu nisomee hii." Ilikuwa nakala aliyoachiwa. Ilisema kuwa amelipwa fidia yote na hana dai lingine lolote. Nilimweleza kwa Kiswahili. Alinyamaza kimya.

Sasa ndugu msomaji, tuingie katika somo lenyewe. Sheria yetu ya Kenya, Sura ya 405, inaamuru kila gari la barabarani liwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Hao ni kama abiria aliyelipa nauli, mpita njia au mwendesha baiskeli. Kwa hivyo anayedai fidia haombi sadaka. Bima hiyo ililipiwa kwa ajili yake kabla gari halijatoka steji. Hata hivyo, kuumia peke yake hakutoshi. Lazima ionyeshwe kuwa dereva alikosea. Anayeshtakiwa ni mwenye gari na dereva wake, na kampuni ya bima ndiyo hulipa, ama kwa hukumu ya korti ama kwa mapatano. Kampuni hailazimiki kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi milioni 3.

Njia yenyewe ni hii:

1. Polisi. Ripoti ajali na uchukue ile karatasi ya polisi tunayoiita abstrakti. Ina namba ya gari, jina la mwenyewe na kampuni ya bima. Bila hiyo utamdai nani?

2. Daktari. Fomu ya P3 hujazwa na daktari. Mweleze kila panapouma, usijifanye shujaa. Kidonda kisichoandikwa ni vigumu kukithibitisha baadaye.

3. Risiti. Fidia ni za aina mbili. Kuna ya maumivu na ulemavu, ambayo hakimu huipima kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia. Kuna pia ya gharama ulizotoa mfukoni, kama vile dawa, eksirei na nauli. Hii ya pili hulipwa kwa ushahidi tu. Ukisema ulitumia 50,000 na una risiti za 12,000, utahesabiwa 12,000.

4. Muda. Dai la kuumizwa kwa uzembe lina miaka 3 tangu siku ya ajali. Ukiishtaki serikali una miezi 12 pekee. Kampuni ya bima nayo lazima iarifiwe mapema, kwa hivyo usikawie kumwona wakili.

5. Mkanda. Tangu kanuni za mwaka wa 2004, zile tunazoziita za Michuki, abiria wa matatu anapaswa kufunga mkanda. Usipofunga, fidia yako inaweza kupunguzwa kwa sababu nawe ulichangia madhara.

6. Sahihi. Usitie sahihi karatasi yoyote kabla hujasomewa na mtu asiyetoka upande wa pili.

Turudi nyumbani. Shangazi alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, na kila risiti aliitia humo. Hata ya magongo ilikuwamo. Teksi alizopanda kwenda kliniki hazikuwa na risiti, na pesa hizo hazikurudi. Kwa kuwa hakuwa amefunga mkanda, alikatwa sehemu moja kwa kumi. Dai lake lilichukua miaka miwili likaisha kwa mapatano. Alilipa madeni akafungua tena kibanda chake cha mboga. Bado anachechemea.

Jirani alimwendea wakili. Akaambiwa kuwa vita vya kwanza vitakuwa juu ya ile karatasi, aonyeshe kwamba hakuielewa. Alikata tamaa, akakaa, na miaka 3 ikapita. Vidole vyake havikunji tena. Sasa anayeshika nyundo ni mwanawe mkubwa, ambaye tulikuwa naye darasa moja. Yeye hakuendelea na sekondari.

Wenzangu, huwa ninawaza kwamba siku ile ningetoka shuleni mapema kwa saa mbili tu, pengine yule rafiki yangu angekuwa anasoma gazeti hili nasi. Sisi tunaosoma lugha mbili tuna kazi nje ya mitihani. Wazazi na majirani zetu huletewa karatasi za hospitali, za benki na za bima wasizozielewa. Tuwasomee kwa Kiswahili, pole pole, kabla kalamu haijagusa karatasi. Mimi nilimsomea jirani yangu baadaye, na majuto ni mjukuu.

Kwaherini, na mfunge mikanda mkienda likizo.