Mfumo Mmoja Ukikubali na Mwingine Ukikataa: Mwongozo kwa Maofisa TEHAMA wa Mwanza

Mwongozo huu ni wa maofisa TEHAMA wa vyuo, hospitali na ofisi za Mwanza na miji mingine ya kando ya ziwa, ambao taasisi zao zimeunganisha mifumo miwili, tuseme wa masomo na wa maktaba, ili mtumiaji aingie kote kwa nywila moja. Muunganiko ukigoma, lalamiko huwa lile lile: kule nimeingia, huku nakataliwa.

Usikimbilie kubadilisha nywila. Ikiwa mfumo mkuu, yaani ule unaopokea nywila, umeshamkubali mtumiaji, nywila ni sahihi. Kinachokataliwa ni ujumbe wa utambulisho ambao mfumo mkuu unaupeleka kwa wa pili, wenye saini ya kidijitali, anwani ya mpokeaji, kitambulisho cha mtumiaji na muda wa kuisha. Tatizo litafute humo.

Anza na saa. Ujumbe huo huishi dakika chache tu. Katika Kerberos, tofauti ya saa inayovumiliwa kwa kawaida ni dakika 5. Umeme ukikatika huku betri ya saa kwenye ubao mama imekufa, seva ikiwaka inaweza kurudi na tarehe ya miaka ya nyuma, na hapo hata vyeti vya usalama huonekana kama havijaanza kutumika. Badilisha betri, kisha elekeza seva zote mbili kwenye chanzo kimoja cha saa, kama pool.ntp.org. Intaneti ikiwa ya kusuasua, teua mashine moja ya ndani iwe chanzo cha zote.

Kuna kosa jingine la saa ambalo ni gumu kuliona. Fundi anakuta seva imewekwa kwenye UTC na inasoma 06:00 wakati saa ya ukutani ni saa 3 asubuhi. Anaisogeza kwa mkono hadi 09:00 bila kubadilisha ukanda. Kwa macho iko sawa, lakini sasa imetangulia kwa saa 3 kamili, na kila ujumbe inaoupokea inauona umekwisha muda. Amri ya timedatectl kwenye Linux itakuonyesha saa na ukanda wake kwa pamoja. Ukanda wetu ni Africa/Dar_es_Salaam. Kwa sababu hiyo hiyo, ukipokea lalamiko la tatizo lililotokea "saa tatu", uliza kama ni ya asubuhi au ya usiku, kisha uigeuze saa hiyo kuwa 09:00 au 21:00 kabla ya kufungua kumbukumbu za seva; zikiwa zimeandikwa kwa UTC, kama ilivyo mara nyingi, toa saa 3.

Saa zikilingana na bado baadhi ya watu wanakataliwa, tazama majina yao. Usukumani majina yenye ng' ni mengi. Ng'wandu wa mfumo mmoja anaweza kuwa Ngwandu kwa mwingine, au akaandikwa kwa ritifaa iliyopinda, na kwa kompyuta hao ni watu watatu. Barua pepe nayo hubadilika mtu akihama idara. Ninashauri kwa msisitizo: linganisha watumiaji kwa namba isiyobadilika, ya usajili au ya utumishi, na jina libaki la kuonyeshwa tu kwenye skrini.

Wakikataliwa wote, kagua anwani ya kurejea iliyosajiliwa. Katika OpenID Connect lazima ilingane herufi kwa herufi. Http badala ya https, au mkwaju mmoja uliozidi mwishoni, vinatosha kuvunja kila kitu. Mtumiaji akizungushwa bila kikomo kati ya kurasa mbili, kwa kawaida sababu ni kivinjari kutohifadhi vidakuzi. Jaribu kwa dirisha la faragha na kwa kompyuta nyingine.

Kwenye kompyuta za pamoja, za maktaba au za wodini, kutoka katika mfumo wa pili hakumaanishi kutoka katika mfumo mkuu. Anayeketi baada yako anaweza kuingia kwa jina lako na kusoma faili la mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka taasisi ilinde taarifa hizo. Pima jambo hili wewe mwenyewe kabla ya kutangaza kwamba tatizo limekwisha. Na katika hatua zote hizi, usimwombe mtumishi au mwanafunzi akutajie nywila yake. Tengeneza akaunti ya majaribio, na uipe jina lenye ng'.