Kabla ya Kuchoma DVD, Uliza Itachezwa Deki Gani

Nachoma video za harusi na kipaimara, na mteja akija simuulizi anataka fomati gani. Namuuliza itachezwa wapi. Akisema "kwa bibi kijijini, ana deki ya siku nyingi", nimeshajua cha kufanya.

Deki ya aina hiyo inaelewa DVD-Video tu: picha ya MPEG-2 iliyopangwa ndani ya folda ya VIDEO_TS, yenye mafaili ya VOB na IFO. Ukiichomea MP4 kama ilivyotoka kwenye kamera, kompyuta itaisoma vizuri, lakini deki itazungusha, itakoroma, kisha itagoma. Kwa hiyo badili kwanza: picha 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, yaani PAL, mfumo wa huku kwetu. Diski ya ndugu aliyeko Marekani itataka NTSC, 720 kwa 480. Sauti iwe AC-3. DVDStyler hufanya yote hayo bure, na menyu juu. HandBrake ni programu nzuri, ila haitengenezi VIDEO_TS, kwa hiyo usipoteze jioni yako huko.

Video nyingi huharibikia kwenye kubana. Diski ya kawaida ina GB 4.7 (kompyuta huonyesha kama 4.38, hujaibiwa, ni hesabu tu tofauti). Saa mbili zikiingia humo, unapata megabiti 5 hivi kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na inatoka safi. Bwana harusi aking'ang'ania saa nne kwenye diski moja, zinabaki 2.6. Hotuba ya mshenga haitaonyesha tofauti. Subiri kwaito ianze: taa zinawaka na kuzima, vitenge vinapepea, na picha nzima inavunjika vijiboksi. Ziko diski za tabaka mbili za GB 8.5, lakini deki kuukuu nyingine huzikataa. Mimi hugawa mbili, ya ibada na ya ukumbini. Ya ukumbini ndiyo itakayochakaa.

Deki ikiwa na nembo ya DivX, mambo ni mepesi: choma diski ya data yenye AVI, na saa nyingi zitaenea. Ila AVI ni gamba tu, cha muhimu ni kilichomo ndani, nacho kiwe Xvid. Kuna wanaobadili jina la faili kutoka .mp4 kwenda .avi wakidhani wamemaliza. Ndani bado ni MP4 yenye picha ya H.264, na deki hukataa kuicheza. MediaInfo itakuambia ukweli kabla hujapoteza diski.

Faili la awali usilifute. MPEG-2 ya DVD imeshapunguza picha, na mteja akinunua televisheni kubwa atarudi kulitaka.

Choma kwa kasi ya 4x au 8x, halafu iache programu ihakiki. Jina liandike kwa kalamu ya CD, usibandike stika: ikibanduka ndani, mteja atakuletea deki yenyewe.