Kutoka Kilimatinde hadi Pemba: njia ya chama cha siasa kupata usajili

Ukitamka neno "chama" Kilimatinde, mwenzako atakuuliza: chama kipi? Kuna AMCOS ya wakulima, kuna vikoba vya akina mama, kuna cha kuzikana, na kuna cha siasa. Vyote ni vyama, lakini kila kimoja kina mlango wake. Ushirika unaandikishwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Kikundi cha mikopo kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, pale Manyoni. Chama cha siasa kina mlango mmoja kwa nchi nzima, nao ni Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa. Mtendaji wa kata hawezi kukisajili, mkurugenzi wa halmashauri hawezi, na mkuu wa wilaya pia hawezi. Zamani za misafara ya Bagamoyo na Tabora, na baadaye Wajerumani walipojenga boma hapa, watu walikuja Kilimatinde kutafuta ruhusa. Siku hizi ruhusa ya namna hii inafuatwa kwa kushuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Dodoma.

Huenda mtu akasema, sisi tumtafute mgombea wetu mzuri, mambo ya usajili tuwaachie wanasiasa. Haiwezekani. Kwa Katiba ya Tanzania, anayetaka urais au ubunge lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Mgombea binafsi hayupo. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu ya Dodoma mwaka 1993, na mwaka 1994 Jaji Lugakingira akampa ushindi, lakini Bunge likabadilisha Katiba mwaka uleule na kuufunga mlango. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, nayo ilisema katazo hilo linakiuka haki. Katiba imebaki ilivyo. Kwa hiyo, asiye na chama chenye usajili wa kudumu hana njia ya kuingia kwenye karatasi ya kura.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme wakulima wa alizeti wa Kilimatinde, Solya na Kintinku wameketi chini ya mbuyu, wamechoshwa na bei, wakaafikiana waanzishe chama cha siasa. Waanzie wapi?

Wanaanza na katiba ya chama, na hapo ndipo wengi hujikwaa kabla hawajatoka nyumbani. Ibara ya 20 ya Katiba ya nchi, pamoja na Sheria ya Vyama vya Siasa, Namba 5 ya mwaka 1992, zinakataza kuandikisha chama kinachopigania dini fulani, kabila, rangi au jinsia. Kinakataliwa pia chama kinachopigania eneo moja tu la nchi, kinachotaka Muungano uvunjwe, kinachokubali mabavu, kinachokusudia kufanya siasa upande mmoja tu wa Muungano, au kisichowachagua viongozi wake kwa vipindi na kwa njia ya kidemokrasia. Kwa hiyo Chama cha Wagogo hakifiki hata mezani. Chama cha kuitetea Singida peke yake, vilevile. Alizeti yenyewe haikatazwi, ila katiba yenu iseme habari za mkulima wa nchi nzima, na uanachama uwe wazi kwa raia yeyote, hata kama hajawahi kuiona mbegu ya alizeti.

Waombaji nao wanapimwa. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliweka sifa za mwanzilishi: awe raia ambaye wazazi wake wote wawili ni raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na akili timamu, asiwe amefilisika, wala asiwe amehukumiwa kwa makosa mazito kama rushwa na udanganyifu. Marekebisho hayo yalilalamikiwa sana, na Machi 2022 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliona baadhi ya vifungu vyake vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2024 Bunge likapitisha marekebisho mengine. Msitumie nakala ya sheria mliyorithi kwa mjomba aliyekuwa mwanamageuzi mwaka 1995. Ombeni toleo jipya ofisini kwa Msajili.

Karatasi zikikubalika, mnapewa usajili wa muda. Cheti hicho kinawaruhusu kujitangaza na kufanya mikutano ya hadhara, baada ya kutoa taarifa polisi. Hakiwaruhusu kusimamisha mgombea. Tena kina ukomo: siku 180. Ndani ya miezi hiyo sita ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kipimo cha kupata usajili wa kudumu, kilichowekwa mwaka 1992, ni hiki: wanachama wasiopungua 200, wenye sifa za kuandikishwa kupiga kura, katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua kumi. Miwili kati ya hiyo lazima iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Viongozi wa kitaifa watoke pande zote mbili za Muungano, na makao makuu yajulikane yalipo.

Piga hesabu: 200 mara kumi ni 2,000. Ni watu wachache, wanaoweza kupatikana kwenye mnada mmoja wa ng'ombe. Lakini sheria haikuuliza mko wangapi, imeuliza mmeenea wapi. Mkiandikisha watu 50,000 kuanzia Kilimatinde mpaka Iramba, hesabu yenu ni mkoa mmoja, Singida. Bado tisa. Na hao 200 wa Singida wanaweza wote kutoka kata moja, kwa kuwa sheria haigawi mkoa kwa wilaya. Mimi naona hapo pana kasoro ndogo: unaweza kupata chama cha "kitaifa" chenye matawi kumi yasiyojuana, na ukakikosa chama chenye mizizi ya kweli mahali pamoja. Lakini sheria ilitungwa baada ya Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni kwenye tume ile walitaka chama kimoja kiendelee, wengi wakihofia ukabila na udini. Mikoa kumi ndiyo ilikuwa dawa ya hofu hiyo.

Sharti la Zanzibar ndilo lililochora sura ya vyama tunavyovijua. CUF ilizaliwa mwaka 1992 kwa kuunganisha KAMAHURU ya Zanzibar na Chama cha Wananchi cha Bara, kwa sababu kila upande uliuhitaji mwingine ili kupita. Mtikila, yeye, aliitaka Tanganyika yake na hakutaka kuandikisha watu Zanzibar. Chama chake, DP, kilikaa nje miaka kumi, hadi kilipopata usajili wa kudumu mwaka 2002.

Majirani zetu nao hupima mtawanyiko. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, inataka wapiga kura 1,000 katika kila kaunti, na kaunti hizo ziwe zaidi ya nusu ya 47. Maana yake ni kaunti 24, watu 24,000. Kwetu bado ni nafuu.

Orodha ikishafika, maofisa wa Msajili huenda mikoani kuhakiki. Hapo ndipo mkazi wa kawaida wa Kilimatinde anaingia. Akikujia mtu sokoni na fomu, muulize kama chama chake kina cheti cha muda, na akuonyeshe. Kuwa na kadi ya mpiga kura si lazima. Sharti ni sifa, yaani uwe raia uliyetimiza miaka 18. Usiandike jina la mzee aliye hospitalini bila ridhaa yake, kwa kuwa hakuna wa kulazimishwa kuingia chama. Askari wa majeshi hawaruhusiwi kabisa kujiunga. Mwalimu wa serikali anaweza kuwa mwanachama, mradi siasa asiiingize darasani. Na kama tayari una kadi ya chama kingine, useme kabla hujatia saini. Mhakiki akigundua mwenyewe, hilo ni jina moja limepungua kwenye mia mbili zenu. Andikisheni 250 au 300 kila mkoa. Wengine watakuwa wamehamia mashambani siku ya uhakiki.

Wakulima wetu wa mbuyuni, basi, wasianze na Singida, ambako wana ndugu kila kijiji. Waanze kwa kuulizana nani ana mtu wa kumpigia simu Wete au Chake Chake, kule Pemba. Asipopatikana, fomu ya Msajili ikae kwanza kabatini, maana siku 180 zinahesabiwa tangu cheti kitoke.