Historia: Mama na Binti wa Erroll

Darasani kuliulizwa: mtoto mwanamke anaweza kurithi baba yake? Wanafunzi wapenzi, tutazame Kenya. Huko aliishi Mwingereza Idina Sackville, mtoto wa ukoo mkubwa, aliyeolewa mara 5. Mume wa 3, Josslyn Hay, alirithi cheo cha Erroll mwaka 1928. Ndipo Idina akaitwa kontesi. Wakaachana 1930, na jina likaenda zake.

Januari 1941 Josslyn aliuawa kwa risasi karibu na Nairobi. Binti yao Diana, mwenye miaka 15 tu, akawa kontesi yeye mwenyewe, kwa damu, si kwa ndoa: sheria ya Uskoti ilimruhusu. Lakini cheo kingine cha babaye, Kilmarnock, kilikuwa cha wanaume tu. Alikitwaa baba mdogo. Baba mmoja, sheria mbili! Wavulana mliocheka, someni tena.